Carey Francis wa Maseno na Alliance: Wanafunzi Wake Walimkumbukaje?

Katika gazeti la chama chetu tumezoea kusoma maisha ya watu walioijenga lugha, kina Muyaka wa Mombasa, kina Shaaban Robert na wenzao. Mwaka huu naomba ruhusa nitoke nje ya ua kidogo. Nataka kumweleza mtu ambaye hakuwa mshairi, hakuwa Mswahili, na somo lake lilikuwa hesabu, somo ambalo baadhi yetu hata kulitaja tumbo hukoroga. Jina lake ni Edward Carey Francis, Mwingereza, mwalimu mkuu wa Maseno tangu 1928 hadi 1940, na wa Alliance High School, Kikuyu, tangu 1940 hadi 1962.

Utauliza: huyu anatuhusu nini sisi? Anatuhusu, tena sana. Kengele ya alfajiri, ukaguzi wa bweni, kitanda kilichotandikwa kikanyooka kama ubao, kiranja mwenye orodha ya majina mkononi, michezo ya lazima jioni, haya yote twayaona kama kwamba yaliumbwa pamoja na shule. Hayakuumbwa. Yaliletwa na watu, na huyu alikuwa mmoja wao, tena mmoja wa wakubwa. Si yeye aliyeyaanzisha, lakini wengi wa wanaume waliokuja kushika wizara, ofisi na shule za Kenya baada ya uhuru walipitia mkononi mwake, nao wakayabeba kwenda nayo.

Hata hivyo si hayo yaliyonifanya nishike kalamu. Kilichonivutia ni kwamba wanafunzi wake hawakuwahi kukubaliana juu yake. Wamebishana kwa zaidi ya miaka arobaini, vitabuni na mikutanoni, na wengine wamebishana hata na nafsi zao wenyewe. Ubishi huo nitauleta hapa mbele yenu, maana naona hapo ndipo alipo mtu mwenyewe.

Carey Francis alizaliwa Septemba 1897 huko Hampstead, kaskazini mwa London. Alisoma shule ya wavulana ya William Ellis, papo hapo London kaskazini. Vita Kuu ya Kwanza ikamkuta kijana, akaingia jeshini, akawa afisa wa mizinga. Vita vilipokwisha akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge, koleji ya Trinity, kusomea hesabu. Alikuwa hodari. Hakuishia kufaulu tu, bali alichukuliwa na koleji ya Peterhouse, akawa mwalimu wa hesabu pale pale Cambridge. Pamoja na J. E. Littlewood, mmoja wa magwiji wa hesabu wa zama zile, alitoa kitabu cha mazoezi juu ya mifululizo isiyo na mwisho. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1928.

Basi mwaka huo huo wa 1928, kijana wa miaka thelathini na mmoja, mwenye kazi ya heshima na njia nyeupe mbele yake, akafunga virago. Akajiunga na Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kianglikana, akaja Kenya kuwa mwalimu mkuu wa Maseno. Hakuoa hadi kufa kwake.

Maseno ilikuwa imeanzishwa mwaka 1906, karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Haikuwa shule ya watu kukaa kimya. Mwaka 1908, miaka miwili tu tangu kufunguliwa, wanafunzi waligoma. Walikataa kazi za mikono. Walisema wamekuja kusoma. Kwa hiyo wale wanaodhani mgomo wa shule ni uvumbuzi wa vijana wa siku hizi, na wajue kwamba babu zetu walitutangulia. Shule aliyoikuta Carey Francis miaka ishirini baadaye ilikuwa bado ya chini kimasomo, naye akaipandisha. Aliingia darasani mwenyewe, akaingia uwanjani mwenyewe. Mzungu mkubwa wa shule kukimbia na mpira pamoja na watoto wa Kiafrika, kavaa kaptura, halikuwa jambo la kila siku katika Kenya ya wakati ule, ambako rangi ya mtu iliamua hata benchi la kukalia.

Miongoni mwa wavulana waliomkuta Maseno alikuwamo Jaramogi Oginga Odinga, aliyezaliwa mwaka 1911. Odinga alitoka Maseno akaenda Alliance, akaenda Makerere, akarudi Maseno kufundisha. Baadaye akaingia siasa, na mwaka 1964 akawa Makamu wa Rais wa Kenya. Katika kitabu chake Not Yet Uhuru, kilichotoka mwaka 1967, Odinga anamtaja mwalimu wake huyu. Hamtukani. Anampa haki yake kama mtu wa kazi, mtu asiyejihurumia. Lakini pia haoni aibu kuonyesha upande wa pili: kwamba mmisionari mwema bado alikuwa ndani ya mfumo uliomwambia Mwafrika angoje, ajifunze kwanza, wakati wake haujafika.

Kuna kisa cha Odinga ambacho kinaonyesha jambo hili vizuri, ingawa Carey Francis mwenyewe hakuwamo, maana alikuwa amekwisha kuhamia Kikuyu. Odinga alikuwa amebatizwa majina mawili ya Biblia, Adonija na Obadia. Alipopata watoto wa kiume, Oburu na Raila, alitaka wabatizwe kwa majina ya kwao, ya Kijaluo. Makasisi wakagoma. Eti jina la Kikristo lazima liwe la kizungu au la Biblia. Odinga akashikilia, na yeye mwenyewe akayatupa majina yake ya ubatizo. Sasa fikiria: kijana aliyefundishwa na wamisionari kusimama wima na kusema kweli bila woga, ndiye huyu anayesimama wima mbele ya kanisa lao na kuwaambia kweli ambayo hawakutaka kuisikia. Walimfundisha vizuri mno!

Mwaka 1940 Carey Francis akahamishiwa Alliance. Shule hii ilikuwa imefunguliwa mwaka 1926 na muungano wa misheni za Kiprotestanti, na jina Alliance maana yake ni huo muungano. Mwalimu mkuu wa kwanza, G. A. Grieves, alikuwa ameiongoza kwa miaka kumi na minne. Mgeni alipoingia na saa yake mkononi na desturi zake mpya, wakubwa wa shule hawakumpokea kwa ngoma. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Lakini huyu hakuwa mtu wa kurudi nyuma, na polepole shule ikawa yake, hata watu wakaanza kusema Alliance na Carey Francis kama kwamba ni neno moja.

Maisha yalikuwaje pale? Yalikwenda kwa kengele. Kikuyu ni nchi ya baridi, na alfajiri ya mwezi wa Julai pale si mchezo. Kuamka, kusafisha, ukaguzi, sala, darasa, kazi za mikono, mpira, masomo ya usiku, sala tena. Mwalimu mkuu alionekana kila mahali, na mwendo wake ulikuwa wa haraka. Alifundisha hesabu, alisimamia mchezo, alihubiri. Fimbo ilikuwapo pia, nani atakataa? Katika shule zetu fimbo ilipigwa marufuku mwaka 2001 tu, na wazee waliopitia shule za zamani bado wanagawanyika juu yake hadi leo: huyu anasema ilimnyoosha, yule anasema ilimvunja, na wote wawili walikalia dawati moja.

Wito wa shule ulihusu kuwa imara ili kutumikia. Hapo ndipo penye mzizi wa maneno. Kutumikia nani? Carey Francis alimaanisha kumtumikia Mungu na watu, bila kujivuna wala kutafuta makuu. Alitaka shuleni mwake watoke walimu, madaktari na watumishi waaminifu. Lakini mvulana mwenye akili aliyetazama nje ya ua wa shule, akaona nyanda za juu zimekaliwa na walowezi, akaona baba yake anatembea na kipande shingoni, lazima alijiuliza: je, utumishi huu ninaofundishwa ni wa watu wangu, au ni wa serikali ya kikoloni iliyokosa makarani?

Jibu la kila mmoja lilikuwa lake. Katika miaka ya 1940 na 1950 walipita Alliance vijana kama Ronald Ngala wa Pwani, aliyekuja kuongoza chama cha KADU. Julius Gikonyo Kiano, aliyepata shahada ya udaktari wa falsafa huko Marekani mwaka 1956. Paul Ngei, aliyeshtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta na kufungwa. Duncan Ndegwa, aliyekuwa gavana wa kwanza Mwafrika wa Benki Kuu ya Kenya mwaka 1967. Na Kenneth Matiba, aliyewekwa kizuizini mwaka 1990 kwa kudai vyama vingi. Ona orodha hiyo. Wamo watumishi wa serikali na wamo wafungwa wa serikali, na meza ya chakula ilikuwa moja.

Jambo moja ambalo karibu wote wanalikubali ni hili: pale Alliance Mgiriama alilala kitanda cha jirani na Mjaluo, na Mkikuyu na Mtaita wakapasi mpira mmoja. Waliingia kwa mtihani, kutoka kila pembe ya nchi. Lakini hata wema huo una kivuli chake. Walioingia walikuwa wachache, wachache sana, na waliotoka walijuana. Nchi ilipopata uhuru, serikali ya kwanza ilijaa watu waliojuana tangu bwenini. Waliobaki nje ya lango walibaki nje kwa mengi.

Sasa tufike kwenye miaka ya moto. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Alliance iko Kikuyu, katikati kabisa ya nchi iliyokuwa ikiwaka. Nje kulikuwa na misako, kambi, vijiji vilivyochomwa na watu walionyongwa. Ndani kulikuwa na kengele, sala na hesabu. Carey Francis aliipinga Mau Mau waziwazi, na kiapo alikiona uovu mtupu. Wakati huo huo hakunyamaza juu ya ukatili wa askari na walinzi wa serikali. Mwaka 1955 alizungumza Uingereza juu ya matatizo ya Kenya kama yanavyoonekana na mwalimu wa shule katika nchi ya Wakikuyu, na hotuba hiyo ikachapishwa katika jarida la African Affairs. Hakuwafurahisha walowezi. Wala hakuwa mpigania uhuru, na tusimvike kofia isiyo yake.

Januari ya mwaka huo wa 1955 aliingia shuleni mvulana wa Limuru, wakati huo akiitwa James Ngugi. Ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o. Safari yake ya kwanza kwenda shuleni nusura ishindikane. Kituoni Limuru alizuiwa kupanda garimoshi la abiria kwa kuwa hakuwa na kibali cha kusafiri, akaishia kufichwa katika behewa la mizigo. Hivyo ndivyo alivyofika kwenye shule bora ya Waafrika nchini, kama gunia. Kaka yake, Wallace Mwangi, alikuwa msituni na wapiganaji. Mvulana alikaa darasani na siri hiyo, akiimba nyimbo za kanisa na kupeperusha macho kila aonapo gari la askari. Na wavulana wa Kikuyu waliokuwa naye hawakuwa wa upande mmoja. Wengine walitoka nyumba za walinzi wa serikali.

Muhula wa kwanza ulipokwisha, Aprili, alirudi kwao akiwa amevaa sare ya Alliance, na fahari yake. Hakukuta kijiji. Nyumba zilikuwa zimebomolewa, watu wamehamishwa kwa nguvu kwenye kijiji kipya cha Kamĩrĩĩthũ, chini ya ulinzi. Mama yake na ndugu zake walikuwa huko wakijenga kibanda. Naomba msomaji ulifikirie hilo kidogo. Shuleni walikuwa wakimfundisha kwamba serikali ya Uingereza ni serikali ya sheria. Na shule yenyewe, kwa haki, ilimtunza: alikula, alisoma, alilala salama. Je, mtoto huyo aishukuru shule, au aikasirikie? Mimi nimejaribu kujiweka mahali pake, na naona ningefanya yote mawili kwa siku moja, pengine kwa saa moja.

Kuna jambo jingine la Ngũgĩ linalotugusa sisi wana-Kiswahili. Katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986 anamtaja mvulana mwenzake wa shule ya msingi aliyeng'ara katika masomo yote isipokuwa Kiingereza. Kwa kuanguka Kiingereza, akahesabiwa kuwa ameanguka mtihani wote, akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ, ambaye alama zake nyingine zilikuwa za kawaida lakini Kiingereza chake kizuri, akapata nafasi Alliance. Kwa hiyo lango la Carey Francis lilikuwa na bawabu, na bawabu huyo aliitwa Kiingereza. Ndani ya lango kila mwaka iliigizwa tamthilia ya Shakespeare, vijana wa Kiafrika wamevaa nguo za makabaila wa Uingereza ya kale.

Lakini subiri kwanza, maana hapa ndipo historia inapotucheka. Katika shule hiyo hiyo ya Shakespeare ndimo zilimoanzia tamthilia za Kiswahili zilizoandikwa Kenya! Katika miaka ya 1950 wanafunzi wa Alliance walikaa wakaandika michezo yao wenyewe kwa Kiswahili na kuiigiza. Henry Kuria aliandika Nakupenda, Lakini..., iliyochapishwa mwaka 1957. Kimani Nyoike aliandika Maisha ni Nini. B. M. Kurutu aliandika Atakiwa na Polisi. Gerishon Ngugi, ambaye tusimchanganye na yule wa Limuru, aliandika Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi. Yalikuwa mambo ya mapenzi, mahari, ulevi, mji na tamaa zake, mambo ambayo kijana wa shule angependa kuyacheka na kuyalilia. Tukiigiza michezo yetu katika tamasha za shule, twafuata nyayo za hao wavulana wanne, na wengi wetu hata majina yao hatuyajui. Siwezi kumpa Carey Francis sifa ya kazi hiyo, kwa kuwa walioandika ni wao. Lakini ilifanyika chini ya paa lake, na hilo nalo liandikwe.

Mwaka 1962 Carey Francis akastaafu Alliance. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano. Watu wa aina yake wengi walirudi Uingereza, wakanunua nyumba yenye bustani. Yeye alikwenda Pumwani, mtaa wa Waafrika wa Nairobi, akafundisha katika shule ya sekondari ya huko. Hakwenda kama mkuu. Alikwenda kama mwalimu wa kawaida, chini ya mwalimu mkuu mwingine. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa sasa mawaziri na makatibu wakuu, wakipita barabarani kwa magari ya bendera, naye yuko ubaoni Pumwani na vumbi la chaki. Hata wale wanaomlaumu kwa mengi hukwama wakifika hapa. Uhuru ukaja Desemba 1963, akaendelea kufundisha. Aprili 1966 Odinga akajiuzulu umakamu wa rais. Julai mwaka huo huo Carey Francis akafariki, bado mwalimu.

Alipokwisha kuzikwa ndipo vitabu vilipopamba moto. Cha Odinga nimekwisha kukitaja. Benjamin Kipkorir, aliyesoma Alliance, alikwenda Cambridge, huko huko alikotoka mwalimu wake, akaandika tasnifu ya udaktari mwaka 1969 juu ya Alliance na chanzo cha tabaka la wasomi wa Kenya. Mwaka 1980 akatoa sura nzima juu ya Carey Francis katika kitabu cha wasifu wa watu mbalimbali. Na jina la kitabu chenyewe? Linahusu ubeberu na ushirikiano na wakoloni katika Kenya. Kumweka mwalimu wako wa zamani ndani ya jalada lenye jina hilo si jambo dogo, hata kama ndani unampima kwa mizani ya mwanahistoria, si kwa matusi.

Lakini aliyehangaika naye zaidi ni Ngũgĩ. Katika riwaya zake kuna shule iitwayo Siriana, na wasomaji wengi wameiona Alliance humo. Katika riwaya ya mwaka 1964, ambayo sisi twaijua kwa Kiswahili kama Usilie Mpenzi Wangu, mwalimu mkuu wa Siriana ni mtu mkali, mwenye haki, asiyependelea mwalimu mweupe mbele ya mweusi, lakini anayeamini kabisa kwamba kilicho bora hutoka kwa mzungu. Na ni kutoka darasa la shule hiyo ndipo askari wanamchukua kijana Njoroge kwenda kumtesa. Carey Francis alikuwa hai bado kitabu hicho kilipotoka.

Miaka kumi na mitatu baadaye, katika Petals of Blood ya mwaka 1977, sura imebadilika. Sasa mwalimu mkuu anaitwa Cambridge Fraudsham, na jina la pili limeungwa kwa maneno mawili ya Kiingereza ya ulaghai. Ni mtu wa kuchekwa. Mbwa wake anapokufa anataka wanafunzi washughulikie maziko yake, na shule inagoma. Nilipoyasoma hayo nilicheka, kisha nikaona mwandishi amemwonea mzee. Lakini endelea kusoma. Chui, kijana aliyewaongoza wenzake katika mgomo akafukuzwa, anarudi miaka ya baadaye kuwa mwalimu mkuu, Mwafrika wa kwanza. Wanafunzi wanashangilia. Kumbe Chui ni Fraudsham mtupu, desturi zile zile, kiburi kile kile, ngozi tu ndiyo imebadilika. Hapo kicheko kilinikauka. Kumcheka mzungu aliyekufa ni rahisi, lakini Chui alikuwa mwenzetu.

Kisha mwaka 2012, akiwa mzee wa miaka sabini na minne, Ngũgĩ akatoa kumbukumbu zake za Alliance, In the House of the Interpreter. Jina hilo linatokana na kisa cha msafiri Mkristo cha John Bunyan, ambamo kuna nyumba inayofagiliwa vumbi. Ndivyo mwalimu mkuu alivyoiona shule yake, nyumba ya kumtoa kijana vumbi alilokuja nalo. Vumbi hilo lilikuwa kwao, mama yao, lugha yao. Mwandishi hasahau hilo. Lakini humo Fraudsham hayumo tena. Yumo Carey Francis kwa jina lake, mkali, mwaminifu, mwenye mipaka ya watu wa zama zake, akisimama mlangoni pa shule ambayo nje yake mauti yanazunguka. Ni mtu yule yule, mwanafunzi yule yule, na picha tatu. Wapo wanaosema mwandishi alilainika kwa uzee. Mimi naona kila picha ilichorwa kwa haja ya wakati wake, na ile ya 1964, ya kijana ambaye jeraha lake lilikuwa bichi lakini hakutaka kudanganya, ndiyo ninayoiamini zaidi.

Mashahidi wanakwisha. Kiano alifariki mwaka 2003, Kipkorir mwaka 2015, Matiba mwaka 2018. Ngũgĩ naye alitutoka Mei 2025. Kijana aliyemaliza Alliance mwaka 1962, mwaka wa mwisho wa Carey Francis, sasa amepita miaka themanini, na hao wa Pumwani hawako mbali naye. Waliandika mawaziri na mabingwa wa riwaya. Hawakuandika wale waliokuwa walimu wa shule za msingi vijijini, wala waliofukuzwa shule kidato cha pili, wala yule aliyeanguka Kiingereza akawa utingo.

Kwa hiyo wanachama wenzangu, tukifunga shule Agosti hii, ukiwa na babu au jirani aliyesoma shule yoyote ya bweni ya miaka hiyo, mwamkie, kaa naye, mwulize aliamshwa saa ngapi, alikula nini, alipigwa kwa kosa gani, nani alimsaidia karo. Andika kwa Kiswahili, tamu yake na chungu yake, wala usimsahihishe. Karatasi zipelekwe kwa katibu wa chama kabla ya wiki ya pili ya muhula wa tatu, na aandikaye asisahau kutaja jina la shule na miaka ambayo mzee alikuwa huko.